Lori Linatoka Kulia

Fakri alikuwa ameendesha lori miaka ishirini na mitatu kabla ya kuambiwa kwamba hajui kuendesha. Aliyemwambia ni karani wa umri wa mwanawe wa pili, tena kwa adabu. Karatasi zake za zamani ziliungua pamoja na nyaraka nyingine za serikali, zilipochomwa moto miaka ya mapinduzi, na serikali iliyorudishwa na mamluki wa kizungu mwaka sabini na nane haikumtambua dereva asiye na faili. Atahiniwe upya, Moroni mji mkuu, kwa maandishi, kwa Kifaransa.

Fakri alikuwa na herufi za Kiarabu tangu utoto. Za Kizungu alianza kuzisoma akiwa na miaka arobaini na tisa, katika darasa la jioni kisiwani kwao, Mutsamudu, akikaa kwenye dawati lililomkaba magoti. Alivuka bahari akafanya mtihani mara mbili. Mara ya kwanza alipata makosa saba. Mara ya pili, sita. Yanayosamehewa ni matano.

Ridjali, mwenye lori, alimwambia bandarini mbele ya makuli, "Kaka Fakri, nimekungoja vya kutosha. Ukirudi mikono mitupu safari hii, ufunguo nampa mwingine. Usininunie."

Fakri hakununa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mabega yake hayakuwa tena ya kuli, na kazi nyingine hakuijua. Akapanda meli kwa mara ya tatu.

Alifikia Ikoni, jirani na Moroni, kwa Hadjira, binti wa baba yake mdogo, mjane aliyezaliwa huko kwa mama wa huko. Mchana alipakua magunia katika bandari ya zamani ya Moroni, apate cha kumpa Hadjira jikoni. Baada ya magharibi alikwenda darasani kwa Charif, kijana wa ofisi ya leseni aliyefundisha sheria za barabarani katika chumba cha shule; wanafunzi walimwita fundi, yaani mwalimu. Humo alijifunza mambo ya ajabu: namna ya kuendesha juu ya theluji, na namna ya kusimama garimoshi linapopita. Aliyakariri yote kama alivyokariri sura chuoni, akitikisa kichwa, na pembeni mwa kila ukurasa aliandika maana kwa herufi za Kiarabu.

Mashaka yake yalikuwa swali la thelathini na moja.

"Soma, Baba Fakri," Charif alisema jioni moja, wiki moja kabla ya mtihani.

Fakri aliweka kidole chini ya mstari. "Njia panda isiyo na alama. Lori linatoka kulia. Gari la kijeshi linatoka kushoto, halipigi king'ora. Nani wa kwanza?"

"Nani?"

"Gari la kijeshi, fundi."

Charif alijifuta uso kwa kiganja. "Kitabu kinasema lori. Anayetoka kulia ndiye wa kwanza."

"Najua kinavyosema."

"Sasa mbona hujibu hivyo?"

"Kwa sababu si kweli."

Soidri, dereva wa teksi aliyekaa nyuma yake, aliguna. "Mwenye nguvu mpishe. Wahenga walishafanya mtihani huu, fundi, wakafaulu wote."

Darasa likacheka. Charif naye alicheka kidogo, kisha akainuka akafunga dirisha.

"Mzee wangu," Soidri aliendelea kwa sauti ya chini, "wewe andika lori, upewe karatasi yako. Ukifika barabarani, simama uwapishe. Au huko Mutsamudu hamwezi mambo mawili kwa siku moja?"

"Huo ni uongo, Soidri."

"Mungu hasahihishi mitihani ya leseni."

"Husahihisha kila kitu," Fakri alijibu, akafunga kitabu.

Asingeweza kuwaeleza. Miaka miwili iliyopita, huko Mutsamudu, walikuwa wakimpeleka kaburini ndugu yake, Tadjidine. Fakri alishika mti wa mbele wa jeneza, upande wa kulia. Walipofika njia panda ya chini, jipu, gari la kijeshi la wale mamluki waliovaa nguo nyeusi, ilitokea kushoto. Haikupiga honi, wala haikupunguza mwendo. Tangu Fakri azaliwe, magari, punda na wakubwa wa mji wote walisimama maiti akipita. Siku hiyo waliobeba waliingia mtaroni na jeneza lao, maji machafu mpaka kwenye vifundo vya miguu, na jipu ikapita. Walitoka mtaroni wakaendelea na dhikri pale walipoiachia.

Basi kila alipoulizwa nani wa kwanza, Fakri aliona anaitwa kutoa ushahidi. Na kwake kalamu ilikuwa ni kiapo. Jioni ile baada ya isha alibaki msikitini, paji la uso juu ya mkeka. Hakuomba kufaulu. Aliomba aonyeshwe jibu ambalo angeweza kuliandika bila kumkana ndugu yake, na alipoinuka hakuwa ameonyeshwa chochote ila maumivu ya kiuno.

Asubuhi Hadjira alimkuta ameketi karibu na mafiga, kitabu kimefungwa mapajani.

"Kaka, mbona umepoa kama uji wa jana?"

Fakri alimweleza juu ya swali lile. Jeneza hakulitaja, kwa kuwa Hadjira alivuka bahari kuja mazikoni na alilijua. Hadjira aliendelea kukuna nazi, macho yake kwenye mbuzi.

"Shamba la juu, la marehemu mama yangu, ni la nani?" aliuliza.

"Ni lako. Mama alilipata kwa mama yake, nawe umelipata kwake."

"Nani analima?"

"Mroudjae."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa nne."

"Amepanda milangilangi yake ya manukato humo, ana vibarua, ana shemeji wizarani. Mimi nikipita pale mbwa wake hunibwekea. Sasa mbona hukunijibu kwamba shamba ni la Mroudjae?"

"Hilo ni jambo jingine, Hadjira."

"Jingine kwa kuwa ni langu?" Alikung'uta kifuu. "Anayelikalia umemtaja. Mwenye shamba umemtaja, na si mtu mmoja. Huko darasani kwenu hawatofautishi hayo mawili? Hebu nipishe, kaka, moshi unakuingia na mchuzi unangoja."

Fakri alisogea. Alikaa pale alipohamia mpaka chai aliyopewa ikapoa mkononi. Miaka miwili alidhani kitabu kinamwuliza kilichotokea. Kumbe hakikuuliza jipu imefanya nini. Kiliuliza barabara ilikuwa ya nani. Siku ile barabara ilikuwa ya Tadjidine. Waliingia mtaroni, ndiyo, lakini barabara ilikuwa yake.

Siku ya mtihani walikaa watu ishirini na watatu. Theluji ilimshinda, garimoshi lilimshinda, na maswali mengine matatu aliyajibu huku akijua amekosea. Lile la thelathini na moja lilikuja kama lilivyo kitabuni. Akasema bismillah, akaweka alama kwenye lori, akakandamiza mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Saa sita kasoro aliitwa peke yake. Mtahini alikuwa mtu mzima mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Mbele yake karatasi ya Fakri ililala wazi.

"Mzee, mara mbili uliweka gari la kijeshi. Leo umeweka lori."

"Ndiyo, bwana."

"Katika watu ishirini na watatu, ni wewe peke yako. Hata waliojua, wamelikwepa." Alitazama mlango, akashusha sauti. "Karatasi za wanaofaulu sasa zinapelekwa kambini kwa wazungu kuangaliwa. Mwezi uliopita mtu mmoja aliitwa kambini kueleza jibu kama hili. Alirudi, lakini haelezi aliulizwa nini."

Fakri alitazama alama yake kwenye karatasi, pale kalamu ilipotoboa.

"Una makosa matano. Nikihesabu hili ni kosa, ni sita. Nitakupa kalamu ubadilishe. Utafeli, lakini utafeli salama, urudi baada ya miezi mitatu."

Kalamu ilikuwa pale, imelazwa juu ya meza upande wa Fakri. Alifikiria ufunguo wa lori katika mkono wa mtu mwingine. Alifikiria kambi, na mkewe akingoja meli baada ya meli. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata woga ulimjia polepole.

"Kitabu cha bwana kinasemaje?" aliuliza.

"Kinasema lori."

"Basi naomba unisahihishe kwa kitabu."

Mtahini akaichukua kalamu yake mwenyewe. Alitia tiki, akaandika idadi ya makosa, akagonga muhuri mara mbili kwa kuwa wino ulikuwa umekauka. Halafu akamsukumia Fakri karatasi aende nayo, akavuta orodha ndefu na kuandika humo.

"Mwandiko wangu kwenye orodha ni mbaya sana," alisema bila kuinua kichwa. "Kila mtu hulalamika. Hawatajua wewe ni Fakri au ni nani. Kuendesha utatahiniwa Jumatatu. Unajua kuendesha?"

"Kidogo," Fakri alisema.

Nje jua lilikuwa limesimama utosini na adhuhuri inaadhiniwa. Alikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa kanzu. Msikiti ulikuwa ng'ambo ya pili ya barabara. Teksi ilipita, kisha gari la serikali, kisha jipu moja nyeusi iliyojaa vumbi. Fakri alizingoja zote, miguu ikimuuma. Barabara ilipokuwa tupu alivuka taratibu, katikati, bila kukimbia.