Mahindi Yenye Mapengo

Mwaka wa kwanza baada ya kustaafu, daktari wa meno alipanda mahindi matamu katika mstari mmoja mrefu kando ya ukuta, kuanzia getini hadi kwenye tangi la maji, kwa sababu tu mstari ulionyooka ulimpendeza macho. Yalipokomaa akamenya hindi la kwanza jikoni mbele ya mkewe na mama mkwe wake, kwa madaha kama anayefungua zawadi. Hindi lilikuwa na punje kumi na tisa. Kwingine kote kulikuwa kutupu.

"Mapengo," mama mkwe akasema. "Miaka thelathini na tano unang'oa watu meno, mwanangu, sasa umehamia kwenye mahindi."

Mkewe alikuwa mkaguzi wa shule, si mtu wa kucheka ovyo. Siku hiyo alicheka mpaka akatoka nje kutafuta hewa.

Mama mkwe aliishi nao mwaka wa nne sasa. Kabla ya hapo alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na mtu aliyewahi kukabili wanafunzi mia sita wenye njaa haogopi tena kitu chochote chenye miguu miwili. Daktari alimheshimu sana. Mbele yake hakunyoosha miguu, hakuvaa bukta, hakupandisha sauti. Yeye mama mdomo wake haukuwa na breki, wala jino hata moja.

Hilo la meno lilikuwa kidonda cha daktari. Mama alipohamia tu, daktari alimtengenezea meno ya bandia, juu na chini, kwa mikono yake mwenyewe. Tena jino moja la mbele alilipinda kidogo makusudi, ili yasionekane kama funguo za kinanda. Alijua hajawahi kutengeneza mazuri kama yale. Mama akayavaa siku moja, akayasifia, akayafunga kwenye leso na kuyatia sandukuni. "Mazuri mno haya," alisema. "Nayaweka ya wageni." Wageni wakaja, wakaondoka, meno hayakuonekana. Mama akaendelea na uji, ndizi za kupondwa, na mchuzi.

Mwaka wa pili wa mahindi, mama alikuja na mkongojo wake kabla mbegu haijaingia ardhini.

"Unapanda tena foleni?"

"Napanda mstari, mama."

"Sikiliza. Yale mabua juu yanatoa unga. Unga unaangukia zile ndevu chini. Kila unywele mmoja una punje yake. Usipopata unga, hakuna punje. Wewe ukayapanga kama wagonjwa kwenye benchi, upepo ukapita, unga wote ukaenda kwa jirani. Umezaa nje ya ndoa."

"Mama!" mkewe akapiga kelele kutoka dirishani.

"Nazungumza kilimo mimi."

Basi wakapanda mistari minane mifupi, iliyobanana, ili upepo ukitoka upande wowote unga uangukie nyumbani. Mbegu zikaota zote. Daktari alizunguka miche yake asubuhi na jioni mikono nyuma, akiwa na furaha ambayo hakutaka mtu aione.

Wiki ya tatu majani yakaanza kutoboka. Kwanza vidoa vyeupe kama karatasi, halafu matundu, halafu pale katikati, majani machanga yanapojikunja, kukajaa uchafu kama vumbi la mbao lililoloa. Viwavijeshi.

Daktari alipandwa na mori. Akaingia stoo, akatoka na glavu, taa ya kufunga kichwani, kibano, na kile kioo kidogo chenye mpini mrefu ambacho nusu ya mji ilikuwa imewahi kukiramba. Akapiga magoti mbele ya mhindi wa kwanza, akapanua majani kwa vidole viwili, akachungulia na kioo. "Ahaa," akasema. "Yuko kwa ndani kabisa." Akamvuta kiwavi polepole, asikatike, akamtumbukiza kwenye chupa ya maji ya sabuni. Akahamia wa pili. Mara mbili mama alimsikia akiuambia mhindi pole.

Alipomaliza mstari mmoja, aliinua kichwa na kumkuta mama amesimama mwisho wa mstari wa nne, vidole vyake vya kijani mpaka kwenye maungio. Yeye alifungua, akabana, akafuta kwenye gauni, akasonga mbele.

"Hebu niambie," mama akamwuliza, "unawaua au unawatibu?"

Baadaye mama alichukua jivu, akalichanganya na udongo mkavu, akatia konzi ndogo katika moyo wa kila mche. Daktari alitaka kusema kwamba jambo hilo linahitaji uchunguzi. Akatazama mstari wake, akatazama mitatu ya mama, akaenda kuchota jivu.

Ndege walipoanza kuja, akasimamisha msalaba wa miti katikati ya shamba na kuuvisha koti lake jeupe la kazi. Ndege walikimbia kweli. "Viwavi ndio hawakukimbia," mama alisema. "Wamekaa wanasubiri kuitwa majina."

Mahindi yakanenepa. Ndevu zikaanza kukauka na kuwa za kahawia, na kila asubuhi daktari alipekua ganda la hindi moja, akabonyeza punje kwa ukucha. Ikitoka maji, bado. Ikitoka maziwa, tayari. Jumatatu moja yalikuwa kati ya maji na maziwa. Akatangaza kwamba watavuna Ijumaa.

Jumanne asubuhi akagusa hindi lililokuwa jana limenona, likakubali kubonyea. Akafungua ganda. Ndani mistari mitatu ya punje ilikuwa imeliwa, safi kabisa, na ganda likarudishwa juu kama shuka. Jumatano yalikuwa mawili mengine. Kufikia Alhamisi yalikuwa tisa.

"Panya," mkewe akasema akitafuta funguo zake.

"Panya hafuniki anachokula."

"Basi ngedere."

"Ngedere anang'oa, anang'ata, anatupa. Huyu ana adabu. Huyu ni mtu."

Mtu wa karibu kuliko wote alikuwa jirani, fundi magari, ambaye ukuta wake ulikuwa mfupi na tumbo lake kubwa. Daktari akapanda kwenye ndoo, akamwita. Fundi akaja akijifuta grisi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Hebu cheka."

"Kuna nini?"

"Cheka tu, nikuone."

Fundi akacheka, kwa wasiwasi, kama mtu anayepigwa picha na polisi. Jino lake la mbele la juu lilikuwa limevunjika nusu. Daktari akalinganisha na hindi alilolishika mkononi, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Si wewe," akasema, akashuka kwenye ndoo, akamwacha fundi pale pale mdomo wazi.

Akaingia stoo, akafunga mlango, akawasha taa ya mezani na kuliweka hindi chini ya kioo cha kukuzia. Alikuwa ametazama alama za meno ya watu maisha yake yote, kwenye nta, kwenye plasta, mara moja kwenye mkono wake mwenyewe. Hizi zilikuwa za mtu mzima. Zilinyooka kupita kiasi. Meno ya kuzaliwa hayapangiki hivyo. Upande wa kulia punje zilikatika kama kwa wembe. Upande wa kushoto zilipondwa tu, zikaachwa nusu. Na mbele, katikati ya mstari ule ulionyooka, jino moja lilikuwa limepinda kidogo kuelekea ndani.

Daktari alizima taa. Akawasha tena. Kisha akavuta stuli, akakaa.

Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa kicheko. La pili lilikuwa ule upande wa kushoto. Meno yale hayakukutana kushoto. Kama hayakukutana, basi yalikuwa yanakanyaga ufizi mahali fulani, na kama yalikanyaga ufizi, yalikuwa yanauma tangu siku ile ya kwanza. Akakumbuka. Siku ile mama alimwambia, "Mwanangu, hapa pananifinya kidogo." Naye, huku akivua glavu, mgonjwa mwingine akisubiri, akamjibu lile jibu alilokuwa amewapa watu maelfu: "Utazoea, mama."

Akatoka nje. Ilikuwa saa nne asubuhi, mkewe keshaenda kazini. Alipita mistari mitatu ya kwanza akisogeza majani kwa mgongo wa mkono, na katikati kabisa ya shamba, chini ya koti lake jeupe, akamkuta mama mkwe amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkongojo magotini, hindi bichi mikononi, anatafuna.

Wakatazamana.

"Ngedere," mama akasema. "Alikuwa hapa sasa hivi. Nimemfukuza."

Lile "sasa" lilitoka safi, kila herufi mahali pake. Daktari hakuwa amemsikia akilitamka hivyo tangu ahamie.

"Inauma kushoto, mama?"

Mama aliacha kutafuna. Akatazama hindi, akatazama viatu vyake.

"Inauma."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Nani atabishana na daktari? Tena mkwe?" Akafuta kidevu. "Ningeyavaa mezani, ungejisifu kwa kila anayeingia, na mimi ningekaa natabasamu huku naumia mpaka kaburini. Hapa nikiumia natoa, natema, nakwenda zangu. Na miaka minne, mwanangu. Miaka minne nakula uji kama kitoto kichanga. Mimi, niliyekuwa nalisha shule nzima. Ulipoleta haya mahindi nikasema liwalo na liwe."

Daktari alipiga magoti kwenye udongo. Alikuwa na haya ambayo hakujua aiweke wapi, basi akaiweka kwenye kazi.

"Fungua mdomo."

"Hapa shambani?"

"Viwavi wote nimewatibia hapa hapa."

Mama akacheka, na alipokuwa bado anacheka daktari akachungulia. Ufizi wa kushoto ulikuwa mwekundu, umekakamaa kama kisigino. Alikwenda stoo, akarudi na karatasi ya kaboni, tupa ndogo na kopo la maji ya chumvi. Mama akaing'ata karatasi, daktari akakwangua palipotia alama, akayaosha meno, akamrudishia. Mama akang'ata hindi.

"Bado."

Akakwangua tena.

"Bado. Unaogopa nini? Kwangua."

Mara ya nne mama aling'ata kushoto, akatafuna polepole macho kayafumba. Maji ya hindi yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Hapo," akasema. "Hapo, mwanangu."

"Nisamehe, mama."

"Na wewe unisamehe. Nimekula kumi na manne."

"Nilihesabu tisa."

"Hukutazama karibu na tangi."

Ijumaa walivuna alfajiri, bado kuna umande. Mama alikuwa amekwisha kubandika sufuria kabla hindi la kwanza halijavunjwa, maana mahindi yale, alisema, utamu wake hausubiri mtu. Ukiyaacha kikapuni mpaka jioni unakula wanga. Daktari alishika bua kwa mkono mmoja, akalivuta hindi chini na kulizungusha, likatoka kwa mlio mzuri. Machache yalikuwa na kiwavi kwenye ncha, akayakata vichwa kwa kisu, akarusha vile vichwa upande wa pili wa ukuta.

Mezani, mkewe alimtazama mama yake aking'ata hindi kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Kijiko kikamdondoka.

"Mama, umevaa meno!"

"Nilikuwa nayazoea kwanza," mama akasema. "Kama viatu vipya. Lete chumvi."

Mkewe akamgeukia mumewe. Daktari alikuwa ameinamia sahani yake, akitafuna kwa bidii ya mtu asiyetaka kuulizwa kitu. Punje zilikuwa zimejaa kila mstari, kuanzia kitako mpaka ncha.

Wiki iliyofuata walikata mabua na kuyachoma, ili viwavi wasipate pa kulala, kisha wakaugeuza udongo. Daktari alilima, mama akafuata nyuma akiokota mabuu na kuyaponda kwa ncha ya mkongojo, akieleza kwa matamshi safi kabisa, neno kwa neno, jinsi jembe linavyoshikwa na watu wenye akili.