Jibu la Simeonie

Mimi si mwongo. Nalisema mapema, maana ukishanisikiliza utadhani vingine, na wallahi tangu jana hata mimi najitazama kwenye kioo cha hoteli najiuliza huyu bibi ni nani.

Kazi yangu ni samaki. Nimezaliwa Mkunazini, mtoto wa jua, na riziki ikanibeba hadi kaskazini ya Kanada kwa Wainuit, wenyeji wa kule kwenye barafu, penye baridi ya kukugandisha mate hujamaliza kusonya. Huko bahari haiamuliwi na serikali peke yake, wala na wavuvi peke yao. Wanakaa pamoja, maofisa upande huu, wavuvi upande ule, na mimi katikati na hesabu zangu. Napima samaki, natazama umri wao, nachambua waliovuliwa, kisha nasema: mkivua hivi, mtabakiwa na hivi. Yangu yanaishia hapo. Kuamua ni kwao, na hawaamui mpaka kila mwenye neno amelitoa, hata chai ikipikwa mara ngapi.

Mwenyekiti wa wavuvi ni Mzee Simeonie. Kwao hakuna shikamoo, ila mimi namwita Mzee, na jina kalipenda, anaitika kama kalelewa mtaani kwetu Ng'ambo. Usidhani ni mzee wa mkongojo. Ni mtu wa hamsini na kitu, mcheshi, juzi kaniburura mpaka soko la Shahe, huku kwa Wachina, kwenye nguo za jumla akanunua miwani ya jua ya ukoo mzima.

Guangzhou tuliletwa na kaka yangu, Ussi. Ana ofisi pale jengo la Tianxiu, chumba kimoja kimejaa maboksi ya viatu hadi darini, na ndiye aliyempata Bosi Liang, mnunuzi wa samaki wa kugandishwa. Wavuvi wakamtuma Simeonie aje kusikiliza, mimi nikaja kumtafsiria. Samaki mwenyewe ni jamii ya gayogayo wetu, yule bapa, ila mkubwa wa kujaza sinia. Wanamvua kipindi cha baridi kali, kwa kutoboa barafu ya bahari na kushusha mshipi.

Jana asubuhi tukakaa ofisini kwa Ussi. Liang anasema Kichina, Ussi ananigeuzia Kiswahili, mimi namgeuzia Simeonie Kiingereza, ambacho Ussi na Liang hawakijui. Mambo yakaenda vizuri mpaka Liang alipotoa sharti lake. Anataka samaki waendelee kuja hata barafu ikianza kuyeyuka, la sivyo hataki hata mmoja. Sasa kipindi hicho wavuvi wamejifungia uvuvi wenyewe. Walikaa wakakubaliana kwamba hakuna mshipi utakaoshuka, samaki waachwe, na watu wahamie kambini na watoto wao kuwinda sili. Nikamfikishia Simeonie sharti lile neno kwa neno. Hapo sikukosea.

Simeonie akakunja pua.

Kwa Wainuit, nyusi zikipanda ni ndiyo, pua ikikunjwa ni hapana. Ni hapana kamili, haihitaji maneno juu yake. Nimeiona pua hiyo kwenye mikutano kila mwaka, na ofisa akishaiona haulizi mara ya pili. Lakini Liang alimwona mzee kakunja uso akatabasamu, nadhani akafikiri ni moshi wa sigara yake. Ussi naye hakuambulia kitu.

"Mzee anasemaje?" akaniuliza, jasho linamtiririka. "Nahla, usinivunjie heshima mbele ya laoban, huyu bosi wangu. Nimempigia domo mwezi mzima kwamba dada'angu ndiye mwenye samaki."

Mwenye samaki! Hebu sikia maneno hayo. Pale ndipo nilipotakiwa nimkate kauli. Badala yake nikaanza kupiga hesabu kichwani. Samaki wangestahimili kuvuliwa wiki chache za ziada, nimewapima mwenyewe, najua. Nikajiambia nitamlainisha Simeonie kwenye ndege, naye atawalainisha wenzake, na hakuna atakayeumia. Nikamtazama kaka yangu usoni.

"Kakubali," nikasema.

Ulimi haukujikwaa hata kidogo. Nikamgeukia Simeonie nikamwambia tumemaliza.

Mchana Liang akatupeleka barabara ya Huanshi Zhonglu, kwa Wachina Waislamu wanaochoma mishikaki, kwa kutuheshimu mimi na Ussi. Simeonie akala kwa raha zake. Katikati ya kula akaniinamia.

"Hawa watu wana ustaarabu," alisema. "Wazungu wakija kwetu tukawakatalia, wanafunga mikoba yao wanaondoka. Huyu nimemkatalia, na bado ananilisha."

Lahaula! Nilitamani ardhi ipasuke nijifukie. Na unajua nilifanya nini? Nilimwongezea mshikaki.

Kisha Simeonie akasimama. Akatoa mfukoni glavu za ngozi ya sili, kazi ya mkono wa mkewe, akampa Liang kwa mikono miwili. Liang akazivaa palepale na joto lote lile, akapiga makofi, mkahawa mzima ukageuka kututazama. Ussi akanikonyeza. Kwake yeye biashara ilikuwa imeshapita.

"Mwambie namshukuru," Simeonie akaniambia. "Nimesema hapana, na amenisikia."

Wote watatu wakanigeukia.

Ningeweza kusema anashukuru kwa chakula. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mtu yule alikuwa kasimama, kashika ukingo wa meza, anangoja neno lake lifike, na mimi roho ikanisuta nikashindwa.

"Kaka, mzee hakukubali," nikasema. "Asubuhi alikataa. Ni mimi niliyesema kakubali."

"Unasemaje?"

"Alikataa, Ussi. Nimekudanganya."

Heri angepiga kelele. "Umenimaliza, Nahla," alisema taratibu, halafu akamwambia Liang kwa Kichina chake cha sokoni, macho yapo mezani. Liang akavua glavu, akaziweka kando ya sahani kwa adabu zote, akanyanyuka. Ussi akamkimbilia nyuma, laoban, laoban, mpaka barabarani. Hadi sasa hajanipigia simu, na simlaumu.

Simeonie akabaki anashangaa. "Kimemuudhi nini?"

Nikamweleza yote. Ningependa kusema sikujitetea, lakini nilijitetea, tena sana. Nikamtaja kaka yangu na aibu yake, nikazitaja hesabu zangu.

"Samaki wangetosha, Mzee. Hilo ni kweli."

"Huenda wangetosha," akasema. "Ungetuambia hayo kwenye kikao, tungekusikiliza."

Akazikunja glavu za mkewe polepole akazirudisha mfukoni. Nilijua ana neno jingine. Nilisubiri matusi, nikawa nayataka.

"Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushuka chini ya barafu kuwahesabu samaki," alisema. "Kila mwaka unasimama mbele yetu unatuambia wako wangapi, wanakua vipi. Tunakuamini. Wengine wananiuliza, huyu mwanamke katoka mbali, hana ndugu hapa, kwa nini tumwamini? Nawajibu, ni kwa sababu anasema kile alichokiona."

Kisha akaniuliza, bila ukali wowote: "Na samaki je, Nahla? Nao ulikuwa ukiwasemea hivi hivi?"

Nikaapa. Nikaapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yangu kwamba hesabu zile ni za kweli, zote, sijawahi kugusa hata moja. Na ni za kweli. Simeonie alinisikiliza mpaka mwisho, ananitazama machoni, na nikaona kwamba hana namna ya kujua.