Haki ya Kunyamaza

Koplo Leimas alimwambia Nakat maneno anayomwambia kila mtuhumiwa: una haki ya kunyamaza, lolote utakalosema linaweza kutumika dhidi yako mahakamani, na una haki ya wakili. Nakat akachagua kunyamaza. Mdogo wake, Kawia, alikuwa hajaonekana tangu walipogombania mpaka wa shamba la viazi vikuu, na nusu ya kijiji ilikuwa imewasikia wakitukanana.

Kituo chao cha polisi, upande wa mashariki wa kisiwa cha Tanna, kilikuwa na chumba kimoja tu cha mahabusu. Asubuhi iliyofuata majivu ya volkano yalikuwa yakianguka taratibu juu ya bati. Leimas alipeleka muhogo na chai, akasikia mtu anaongea ndani.

"Nasikia baridi. Niko shamba la babu, chini ya mshelisheli ulioanguka."

Akachungulia. Nakat alikuwa peke yake, amejibana ukutani, ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Wewe, ulikuwa unasema nini?"

"Mimi nimenyamaza, dada," alijibu. "Si ndivyo ulivyoniambia? Anayesema ni yeye."

Nywele zilimsimama Leimas. Alikuwa mtu wa kanisani, mambo hayo hakuyapa nafasi. Lakini alimjua Kawia, walizoea kutaniana sokoni, na ile sauti ya puani ilikuwa yake hasa. Akachukua askari wawili wakaenda shamba la babu yao Nakat. Chini ya mshelisheli udongo ulikuwa laini. Wakachimba, wakamkuta.

Jaji alipokuja kwa ndege kutoka mji mkuu, Port Vila, Nakat alikana shitaka. Leimas akaapa kutoa ushahidi, na wakili wa utetezi, Bwana Toara, akambana palepale.

"Nani alikuambia mwili uko wapi?"

"Sauti, kutoka chumba cha mahabusu."

"Ya mshtakiwa?"

"Hapana. Ya marehemu."

Watu wakaangua kicheko. Mama Serah, aliyewazaa Nakat na Kawia, alikuwa hacheki.

"Mheshimiwa," Toara akasema, "basi wamlete marehemu hapa, tumhoji!"

Jaji akavua miwani. Akasema kuthibitisha ni kazi ya upande wa mashtaka, mshtakiwa halazimiki kujitetea. Ugomvi ulikuwepo, maiti ilipatikana, lakini hakuna kilichoonyesha nani aliyeua. Palipo na shaka, hana budi kumwachia huru.

Toara alimshika Nakat bega kwa furaha. Nakat akaruka kama aliyeungua.

"Msiniachie! Huko nje nitakuwa naye peke yangu!"

Jaji akamwuliza kama kuna aliyemtisha au kumwahidi kitu. Nakat akatazama nafasi tupu kando yake kwenye benchi, akatikisa kichwa. Kisha akakiri kosa na kueleza yote: panga, pigo moja la kisogoni, na jinsi alivyomburuta.

Baada ya hukumu Mama Serah alimngoja Leimas nje.

"Mimi nilimsikia kabla yako, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuja jikoni, mchana kweupe, akaniambia alipo na nani kamweka."

"Mama! Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimebakiwa na mmoja tu."

Leimas akambebea kikapu chake. Wakateremka pamoja hadi njia panda.