Nyasi za Mnarani

Asubuhi ile ya Machi nguo zilikuwa zinakauka kabla sijamaliza kuzianika. Shati la kaka yangu Isbrand, la kwanza kwenye kamba, lilikuwa limeshakakamaa kama ngozi.

Nilirudi ndani nikamkuta Marisela anapaka siagi kwenye mkate. Yeye ni fundi wa ofisi ya hali ya hewa ya jimbo. Kila masika huja kukagua mnara wao uliosimama ukingoni mwa ngano yetu, na kila akija hula mezani kwetu. Mnara hupima mvua, upepo na unyevu wa hewa, na kaunti yetu haina mwingine. Baba aliwapa kiwanja kwa kupeana mkono tu, maana sisi Wakristo wa Kimenno hatuapi wala hatufuatani na mawakili. Ila aliwapa neno moja: "Siku mtakaposema Abram Wiebe hakutimiza ahadi, ng'oeni mnara wenu mwende zenu."

Simu ya Marisela ikalia. Alikuwa mkuu wake, Dakta Haskell. Kwa vile mikono ilikuwa na siagi, aliiacha mezani ikasema kwa sauti.

"Verlin anacheka mpaka jino la mwisho," alisema Haskell. "Mnara umempa unyevu asilimia hamsini na tano. Saa nne wanawasha."

Verlin Stroud ni mkuu wa zimamoto wa kaunti. Kabla ya pepo za Aprili yeye na watu wake huchoma nyasi kavu za kijito, moto mdogo wa mpango, usije ukazuka mkubwa usio na mpango. Hawawashi mpaka mnara useme hewa ina maji ya kutosha. Ndivyo walivyopatana na ofisi. Na miongoni mwa watu wake wa kujitolea yumo Isbrand, ambaye ndiye hubeba kopo la kuwashia na kutangulia mbele.

Marisela alilamba midomo yake iliyopasuka. "Neta, nguo zako vipi?"

"Zimekauka zamani."

Akaweka mkate chini bila kuung'ata. Alitoka na simu mkononi, nami nikamfuata.

Baba alikuwa ameegemea uzio wa mnara, uso umemkunjuka. Kila mahali nyasi zilikuwa rangi ya majani makavu, lakini chini ya mnara zilikuwa kijani kibichi. Mtambo wa kumwagilia, ule mrefu wenye magurudumu, ulikuwa umesimama karibu, na bomba lake la mwisho limegeuzwa likirusha maji juu ya uzio.

"Njoo uone, mama!" Baba alimwita Marisela. "Mwaka jana mlisema nyasi zenu zimekufa, udongo uko uchi, vipimo vinaharibika. Nikawaambia nitazitunza. Haya, si hizo? Tangu jana zinakunywa kama ndama."

Kwenye simu Haskell alikuwa amesikia yote. Akashusha sauti. "Marisela, pole pole. Miaka mitatu tulimbembeleza mzee huyo. Tafuta maneno."

"Dakta, yuko kijana kule na kopo la moto," alisema Marisela. "Mtafute Verlin kwa redio." Kisha akamgeukia Baba. "Mzee Abram, umefanya wema. Lakini kipimo kinavuta maji yako. Kinadhani kaunti nzima imelowa."

Baba aliutazama mkono wake wa kulia, kana kwamba kuna mtu aliyeukataa.

"Unaniambia nimewadanganya watu."

"Nakuambia Verlin anawasha kwa sababu ya maji haya."

Nilimwona Baba akikaza taya. Nilijua taya ile. Siku ikikazwa hivyo, haifunguki mpaka Jumapili. Nikasema, "Baba, Isbrand ndiye anayetangulia."

Alifunga bomba, akachukua funguo za gari.

Njia nzima Marisela alipiga simu ya Verlin ikawa inaita tu. Haskell naye alisema redio inakoroma bila jibu. Vumbi letu lilikuwa linatupita, maana upepo ulikuwa nyuma yetu, unakwenda tunakokwenda.

Tulipofika walikuwa wamewasha kipande cha kujaribia, pembe moja tu. Moto ule ulitakiwa utambae. Ulikuwa unakimbia.

"Simamisha!" Marisela alipiga kelele akishuka. "Verlin, hewa ni kavu!"

"We dada, usinichanganye!" Verlin alijibu. "Ofisi yenu inasema hewa ina maji, wewe fundi wao unasema hamna. Mkigombana huko kwenu, mje mniambie nani kashinda!"

Marisela alifungua kinywa, akamtazama Baba, akakifunga. Nikaelewa. Alikuwa anamwachia aseme mwenyewe.

Baba alivua kofia mbele ya wanaume wote wale. "Ni mimi, Verlin. Nimemwagilia mnara. Usiusikilize leo."

Verlin hakuuliza mara ya pili. Alipiga filimbi, gari la maji likaingia, lakini ulimi mmoja wa moto ulikuwa umeshavuka mtaro upande wa Isbrand. Nilimwona akitupa kopo mbali, akiupiga kwa koti, moshi ukamfunika. Baba aliita jina lake mara moja tu. Kisha maji yakafika, moshi ukapasuka, Isbrand akatokea anakohoa, nyusi zote zimeungua.

"Mbona mnanitazama?" aliuliza.

"Umefanana na yai," alisema Verlin, akaketi chini ghafla.

Jioni mnara ulikuwa umekauka na kusema asilimia kumi na nne. Marisela alikuwa anapakia vifaa vyake. Baba alisimama kando, kofia mkononi.

"Mnaung'oa lini?"

"Nani kasema tunaung'oa?" alijibu Marisela. "Ila mzee, mvua ikikosa, nyasi ziache zife."

Zilikufa kabla ya Pasaka. Kila asubuhi Baba akipita pale huzitazama, mikono ameificha mifukoni, halafu hulitazama bomba, halafu hupita.