Upande wa Kushoto wa Josline

Siku Josline alipotoweka, dada yake Namutebi alikuwa amemsuka upande wa kulia tu. Mume wa Josline, mwimbaji Lubega, alipiga simu akamwambia ashuke mtoni waongee yaishe. Josline alijifunga kitambaa kichwani, akasema atarudi wamalizie, akapanda bodaboda kuelekea darajani.

Kabla mvua za mwaka huo hazijaisha, Lubega alitoa wimbo. Aliimba kwa upole kwamba amemlaza mpenzi wake penye maji baridi, amemfunga mawe miguuni asichukuliwe na mkondo, na sasa hakuna mwanamume mwingine atakayemwona. Juba nzima iliupenda. Maharusi waliingia nao ukumbini, na akina mama walipiga vigelegele hasa kwenye ubeti wa mawe.

Namutebi alikwenda polisi na simu yake, akamsikilizisha ofisa wimbo. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba atumiwe wimbo huo. Binti yake alikuwa anaolewa.

Jumamosi iliyofuata, wimbo ulipoanza katika ukumbi wa jirani na saluni ya Namutebi katika mtaa wa Gumbo, Josline aliingia akaketi kwenye kigoda. Gauni lake lilikuwa linachuruzika maji. Namutebi alimpa taulo, akachukua kitana, akaendelea na upande wa kushoto. Nywele zilikuwa na mchanga. Wimbo uliisha akiwa katikati ya mstari, na kigoda kikabaki kitupu, kimelowa. Namutebi alipiga deki, akamshukuru Mungu.

Tangu hapo Josline alikuja kila wimbo ulipopigwa. Aliuliza habari za mama yao, akawacheka wateja waliotaka mitindo ya kwenye simu. Kila aliporudi, mkondo ulikuwa umeifumua mistari ya upande wa kushoto, basi walianza upya. Namutebi akawa anampelekea Celestino, mpiga muziki wa ukumbini, chapati na chai ya maziwa.

"Mama, wewe iko penda hii wimbo kushinda bibi harusi," Celestino alimtania.

Namutebi alikubali kwamba anaupenda.

Kisha akaja Natalina kusukwa kwa ajili ya harusi yake. Wimbo ulipoanza na Josline akaingia, Natalina alisogea kumpisha. Aliyatazama maji sakafuni, akayasikiliza maneno ya wimbo, akauliza, na Namutebi akamweleza yote. Natalina alisema harusini kwake hautapigwa. Angewaambia wanakwaya wenzake, na kaka yake aliye redioni.

"Watu wakijua, mama, hakuna atakayeucheza tena."

"Najua," Namutebi alisema. "Na huyu nitamsuka lini?"

Josline alikuwa amefumba macho, kichwa kimeegemea goti la dada yake.

"Mikono yako ina joto, dada," alisema.

Harusini kwa Natalina wimbo ulipigwa. Alisimama bila kucheza mpaka ukaisha, na bwana harusi akadhani anaona haya.

Siku hizi Lubega huja kuimba mwenyewe katika ukumbi ule, na watu hupanga foleni wapige naye picha. Namutebi hutandika taulo kavu kwenye kigoda mapema. Wageni wakiomba ubeti wa mawe urudiwe, Lubega huurudia, na Namutebi hupata kumaliza mstari mmoja zaidi.