Kumpokea Tunu

Tunu alirudi kutoka mazoezini jua likianza kuchoma, na mama yake, Bi Somoe, akaacha utumbo aliokuwa akiuosha, akatoka mlangoni kumpokea begi.

"Pole, mwanangu."

Saa ya mazoezi mkononi mwa Tunu, iliyokuwa ikionya kwamba mwili umechoka na unahitaji siku mbili za kupumzika, ikaonyesha papo hapo mapigo ya moyo yameshuka na kuandika kwamba mkimbiaji yuko tayari. Bi Somoe aliketi juu ya ndoo akihema. Kisha akarudi kwenye utumbo, maana wateja wa supu pale Vingunguti hawana subira.

Kocha Albano, aliyewagawia wakimbiaji saa hizo, alidhani ile ya Tunu ni mbovu, akaja kujionea. Begi lilipopokewa, mstari wa uchovu kwenye simu yake uliporomoka. Alisema kumbe ndiyo maana binti hajawahi kuumia tangu aanze kukimbia. Akaongeza mazoezi, na akaomba siku ya mashindano mama aje asimame jirani na uwanja, ampokee mwanawe kati ya mchujo na fainali.

Tunu aliona aibu. Miaka yote alijisifia mwili wake. Kesho yake aling'ang'ania begi kifuani, lakini mama alilitoa taratibu, kama amvuaye mtoto shati. Basi Tunu akaivua saa, akamfunga mama mkononi. Saa ikaandika: Pumzika leo.

Tunu akamsomea. Bi Somoe alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

"Ina adabu hii," alisema.

"Basi pumzika, mama."

"Na utumbo nimwachie nani?"

Akaivua, akaifuta maji kwa kanga, akairudisha.

Tunu alishinda fainali. Kocha alipiga naye picha nyingi, huku Bi Somoe akiwa ameketi ameegemea ukuta, begi mapajani, miguu imemvimba. Waliporudi, Tunu alitangulia mbio mpaka mlangoni, akageuka, akanyoosha mkono.

"Pole, mama. Nipe begi."

"Nishapoa, mwanangu."

Bi Somoe alimpa mkono mtupu. Tunu aliushika kwa nguvu, akingoja uchovu umwingie, macho kwenye saa. Mapigo hayakupanda hata kidogo. Moyo ulimuuma, lakini saa haikuliandika hilo. Mama akauchomoa mkono wake polepole, akaingia ndani na begi, akamuuliza kama asubuhi alichota maji ya kuoshea utumbo.