Zimwi Lililobeba Mlango

Bibi Cherehani alikuwa na hadithi moja tu, na usingemwambia kitu juu ya hadithi hiyo. Kila alasiri mjukuu wake, tuliyemwita Chiriku kwa mdomo wake usiopoa, alijikunja chini ya meza ya kukatia vitambaa, na bibi, mguu kwenye kanyagio la cherehani, akaanza. Palikuwa na nyumba njema ya watu wema. Likaja Zimwi jike, shingo nene, sauti ya tarumbeta, likang'oa mlango wa jikoni, likajitwika kichwani, likatokomea nao.

"Halikurudi?"

"Lirudi kwa uso gani?"

Ushahidi ulikuwepo: jikoni kwa Bibi Cherehani palining'inia pazia, mwaka wa tisa huo.

Zimwi lenyewe, tusifichane, lilikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mhudumu wa wodi aliyestaafu. Tangu siku ya mlango hawakusemezana. Akimwona sokoni, Bibi Cherehani alikata kona. Watu walidhani ni kiburi. Kiburi wapi! Ilikuwa hofu tupu. Siku ile wifi aliona jambo kwa macho yake mawili, na Bibi Cherehani aliomba kila siku mumewe asije akalisikia.

Basi alasiri moja mkokoteni ukasimama mbele ya nyumba. Chiriku akachungulia dirishani, akaruka juu.

"Bibi! Zimwi limekuja! Na mlango limeurudisha!"

Sindano ilimdunga bibi kidole. Kizingitini alisimama wifi, shingo ile ile, sauti ile ile.

"Hodi humu! Nimeleta mali ya watu. Wajukuu zangu wamenichosha kuniuliza kwa nini meza yetu ya chakula ina kitasa."

"Karibu, dada, karibu!" alisema Babu kutoka nyuma ya gazeti lake. Bibi Cherehani alinyonya kidole.

Unadhani Chiriku alikimbia? Thubutu! Alimshika Zimwi mkono, akamkalisha kitini, akamkagua meno.

"Kwa nini uliiba mlango?"

"Lo! Kumbe ndivyo mnavyohadithiana humu?" Wifi alimtupia Bibi Cherehani jicho. "Hukuambiwa juu ya mlango kulikuwa na nini?"

"Hapana."

"Kulikuwa na babu yako! Alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi dari ya jikoni. Mtu kaumia mgongo, hafai kukunjwa, machela hakuna. Nikang'oa mlango, tukamlaza, mimi mbele, majirani nyuma, mpaka hospitali."

Chiriku aligeuka polepole. "Bibi, hapo hujawahi kupasema."

"Nilikuwa nakaribia kufika," alisema Bibi Cherehani. Na kweli, yeye hakuona kama amedanganya. Hadithi aliipunguza tu, kama anavyopunguza gauni kiunoni.

"Na ngazi iliangukaje?" aliuliza Chiriku.

Jasho jembamba likamtoka Bibi Cherehani. Ndiyo hapo sasa. Wifi alimtazama, akamtazama tena, kisha akashusha pumzi.

"Sakafu ilikuwa na maji, mwanangu. Ngazi iliteleza."

Bibi Cherehani angeweza kunyamaza, mambo yakaishia hapo. Lakini umpake mtu matope miaka tisa, halafu mtu huyo huyo akusitiri mbele ya mumeo! Aibu ilimpanda mpaka machozi yakamlenga.

"Sakafu ilikuwa kavu," alisema. "Ngazi niliishika mimi. Jirani akapita na umbea wake, nikaiachia nikaukimbilia. Baba watoto, nisamehe. Na wewe wifi, nilikuita zimwi ili siku ukisema, usiaminiwe."

Babu alikunja gazeti. "Mbona nilijua?"

"Ulijua nini?"

"Mke wangu, mimi ndiye niliyekuwa juu. Nilikuona ukienda dirishani. Nilikuita mara mbili."

"Na miaka tisa hukusema?"

"Niseme ili iweje? Chai naletewa kitandani, viatu navuliwa, na tangu siku ile hakuna aliyenipandisha ngazi." Babu akacheka, akidhani na wenzake watacheka.

Hakucheka mtu. Chiriku alitoka chini ya meza, alikokuwa amerudi kufikiri, akamnyooshea kidole.

"Kwa hiyo ulijua, ukamwacha dada yako aitwe zimwi? Babu! Zimwi ni wewe!"

"Ebo! Mimi niliyevunjika mgongo?"

Bibi Cherehani na wifi yake walitazamana, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa wakakubaliana jambo bila kufungua kinywa.

"Kaka," alisema wifi, "inuka. Mlango haujitundiki wenyewe."

Bibi Cherehani alikuwa keshaburuta ngazi hadi jikoni na keshalivuta pazia pembeni. "Bawaba ya juu hiyo, mume wangu. Panda."

"Na ngazi atashika nani?"

"Sisi," walijibu wote wawili, wakitabasamu.

Babu aliitazama ngazi, akawatazama wale wanawake, kisha akamwita Chiriku aje aishike yeye.